Picha za Harusi ya Marnie

Jumanne asubuhi Marnie Goss alimkuta Verna Stuckey amepiga magoti katika studio yake ya picha, pini mdomoni, akibana kitambaa cha ukutani kilichokuwa kimelegea. Marnie alikuwa amebeba trei ya kuku na tambi. Katika mji ule wa kusini mwa Indiana, mtu hakwenda kuomba jambo mikono mitupu.

"Anti, tunaoana Juni," akasema. "Mimi na Teodora."

Verna akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Yule binti wa dawa za mifugo."

"Huyo huyo."

"Sasa nani anaoa, nani anaolewa?"

"Tunaoana, Anti. Wote wawili."

Verna alimpenda binti huyu kama aliyemzaa. Alimpiga picha akiwa kichanga kwenye blanketi la hospitali, akampiga alipong'oka meno ya mbele, na alipohitimu shule. Mama yake, Wanda, alikuwa rafiki ya Verna wa kufa na kuzikana, na kweli alikufa, na kweli Verna alimzika. Lakini Verna alikuwa pia mtu wa kanisa, tena si wa Krismasi na Pasaka tu, na jambo hili alikuwa amelipigia magoti tangu uvumi ulipoanza. Jibu lilikuwa lile lile.

"Siwezi, mwanangu. Nikisimama kwenye harusi hiyo na kamera yangu, ni sawa na kusema amina."

"Sikuombi usali. Nakuomba upige picha."

"Kwangu ni kitu kimoja."

"Mbona Dale Ritter ulimpigia picha harusi zake zote tatu?"

"Dale nilimwombea."

"Na mimi?"

"Wewe nakuombea kila siku," Verna akasema.

Hapo ndipo Orval, mumewe na mpiga picha mwenzake, alipoongea kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Nitakwenda mimi."

Orval alikuwa amefariki mwaka uliopita, wakati wa theluji. Alirudi mahindi yalipoanza kupandwa, akiwa na suti aliyozikwa nayo, akaeleza kwamba kule hakukuwa kubaya ila mtu hakupata kazi ya mikono. Mchungaji alikuja kumsalimia, akaona vidole vyake ni vya baridi, akamshauri avae sweta. Tangu hapo Orval alikuwa akikaa dirishani na sweta lake la kahawia, akisafisha lenzi ambazo hazikuwa na vumbi.

"Wewe umekufa," Verna akamwambia.

"Najua. Lakini mkono haujasahau."

Marnie akamgeukia mzee yule. "Utahitaji mtu wa kukubebea taa, mjomba?"

"Sihitaji taa siku hizi," Orval akasema. "Naona vizuri tu."

Verna alimwambia mumewe kwamba kama anakwenda, asitegemee kufuliwa shati. Ijumaa ya kuamkia harusi akalifua, akalipiga pasi, kola mara mbili, akalitundika mlangoni.

Harusi ilifanyika katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, mtaa wa pili kutoka nyumbani kwa Verna. Siku nzima alipalilia maharage yake, hata yale yasiyokuwa na magugu. Muziki ulipoanza akajua wimbo wenyewe, maana ndio uliokuwa ukimtoa Wanda kitini popote alipousikia. Verna alisimama na jembe lake mpaka ukaisha.

Jua likiwa bado juu ya paa la ghala, Orval akarudi na kipande cha keki ndani ya kitambaa cha karatasi.

"Alivaa nini?" Verna akauliza.

"Gauni la mama yake."

"Lilimtosha?"

"Wamelipunguza kiunoni."

"Na mwenzake?"

"Suti nyeupe. Alilia kuliko wote, hata mascara ya kope ikafika kidevuni."

Verna akala keki yote akiwa amesimama.

Orval hakuwahi kuzielewa kamera za kisasa, kwa hiyo alikuwa ametumia filamu, na kusafisha filamu ilikuwa kazi ya Verna tangu walipooana. Akajifungia chumba cha giza. Picha ya kwanza ilipoanza kujitokeza ndani ya maji ya dawa, akamwona Wanda. Alikuwa mstari wa mbele, katika gauni la kijani walilomzika nalo, amenenepa kidogo. Nyuma yake walikuwa wazee wa ukoo wa Goss, na mjomba wa Teodora aliyeanguka kutoka kwenye ghala la nafaka, na wazimamoto kadhaa wa zamani waliokuja kwa kuwa ukumbi ni wao. Orval alikuwa amepiga walio hai na waliokufa bila kubagua. Machoni pake wote walikuwa wageni.

Verna alifurahi kumwona rafiki yake, akamgusa shavu kwa koleo la kushikia picha. Kisha akaona kiti. Kilikuwa ubavuni mwa Wanda, kitupu, na juu yake Wanda alikuwa ameweka mkoba wake, kama wafanyavyo wanawake wanaomshikia mtu nafasi. Wakati wa kuvishana pete mkoba ulikuwa pale. Wakati wa kukata keki ulikuwa pale. Hata Wanda alipokuwa katikati ya ukumbi anacheza, shingo alikuwa ameigeuza mlangoni.

Verna akaendelea na kazi. Aliyapunguza makali ya mwanga kwenye paji la uso la Teodora, akaitoa mascara kidevuni, akaacha machozi. Alitumia karatasi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Muhuri wa studio, ambao aliugonga nyuma ya kila picha iliyotoka mikononi mwake, hakuugonga.

Akazipeleka mwenyewe. Marnie alizipokea barazani, akazipekua polepole.

"Mama kanenepa," akasema.

"Amependeza."

"Hicho kiti ni chako, Anti."

"Nimeona."

"Siku ile watu walisimama mpaka ukutani, na hakuna aliyekikalia. Hata sisi hatukujua kwa nini." Akafungua mlango wa wavu. "Ingia unywe kahawa. Teo yuko jikoni."

Kahawa ilinukia mpaka nje. Verna alitamani kuingia kuliko alivyotamani kitu chochote mwaka ule.

"Nimeacha mkate ovenini," akasema.

Hakukuwa na mkate. Akaweka sawa kola ya Marnie, akamshika shavu, akashuka ngazi.

Majani yalipoanza kuanguka walikuja wanaume wawili kutoka wilaya jirani, mmoja ameshika pai ya maboga. Walikuwa wanataka kuoana, walikuwa wamesikia habari za picha zile, na yule mwenye pai alikuwa amefiwa na bibi yake aliyemlea. Verna akawakaribisha, akawakatia pai, akawaeleza kwa upole kwamba yeye imani yake haimruhusu, ila wazungumze na mzee pale dirishani.

Orval akawauliza tarehe, akatikisa kichwa kukubali.

"Na wewe, mama, utakuja naye?" yule mwenye pai akauliza.

"Hapana," Verna akasema. "Wanaokwenda ni marehemu. Mimi hubaki nyumbani."