Mihogo ya Bondeni

Blandine aliiona mihogo kabla hajatua ndoo. Ilikuwa imelowekwa palepale kijito kinapotokea, chini ya miti mikubwa, imefungwa kwenye kitambaa na kugandamizwa kwa jiwe. Maji yalikuwa na povu, yakinuka uchachu.

Akasonya. Bonde lile ndilo pori pekee lililobaki pembeni mwa mji. Kwingine kote miti imekwisha kuwa makaa. Chifu wa kartie, mtaa wao, alitaka kulifunga kabisa, na Blandine ndiye aliyesimama mbele za watu kuomba wanawake waachiwe njia ya kuchota. Waliachiwa kwa sharti: hakuna kukata mti, hakuna kuloweka mihogo. Ikionekana tena, njia inafungwa, kila mtu arudi kuchota ziwani, kwenye kipindupindu.

"Watu gani hawa!" alifoka, akiuvuta mzigo. "Unawaambia, wanaitika, wanarudia yaleyale!"

Mzigo ulipotoka majini, mkono wake ukasita. Kitambaa kilikuwa kitenge chake cha Machi nane, sikukuu ya wanawake, kile alichokitafuta nyumba nzima hadi akamgombeza binti yake Lydie bure.

Papa Urbain, mlinzi wa bonde, akatokea kati ya miti.

"Mama Lydie, hiyo ni ya nani? Leo ninamupeleka kwa chifu, hata akuwe nani."

Kusema hajui kulikuwa rahisi. Lakini aliwaza kina mama watakaoshuka na ndoo kesho wakute njia imezibwa kwa miiba.

"Ni ya kwetu, Papa. Ni mama mukwe."

Urbain alitaka kucheka, akajizuia. "Kwako wewe, mwenye kutuhubiria?"

"Kwangu. Mufungie nyumba yangu, musifungie kartie."

Mzee akakuna kidevu. "Nitamuambia chifu hivyo. Lakini kuchota hapa, kwenu imeisha."

Blandine akajitwika mihogo, maji yakimchuruzika shingoni hadi nyumbani. Mama Alphonsine, mama mkwe wake, alikuwa ameketi mlangoni.

"We! Umeitoa ingali ngumu?"

"Mama, tumefungiwa maji. Sisi peke yetu. Kuanzia leo ni ziwani."

"Juu ya mihogo tu? Ya kuloweka kwenye ndoo haina utamu. Nani alisifu bukari ya juzi, ugali wa mihogo ya bondeni, akaomba nyongeza?"

Alikuwa Blandine mwenyewe. Akamshikisha ndoo tupu.

"Twende, Mama. Ziwa ni mbali."

Mama Alphonsine akainuka, akiguna.

"Ungengoja basi hata ilainike."