Mtoto Aliyesubiri Glavu

Asubuhi ya siku ya soko, mwaka 1994, Naipanoi alifika kituo cha afya upande wa Elerai akiwa ameshika kiuno. Uchungu ulimwanza alfajiri. Mumewe, Loserian, alibeba khanga mbili na chupa ya chai. Muuguzi wa zamu, Agnela, aliuliza vifaa. Tangu wananchi waanze kuchangia huduma, mzazi alitakiwa aje na glavu, wembe, uzi, pamba na nailoni ya kutandika.

"Hatuna, sista," alisema Naipanoi.

"Basi kaa benchi, mama, mzee akatafute. Mimi hapa nina mikono tu, na mikono hii ina watoto wanaoitegemea."

Miaka ile ya UKIMWI kila muuguzi aliogopa damu, na hakuwa na kosa.

Loserian hakuwa na kitu cha kuuza ila kondoo dume aliyenoneshwa nyuma ya nyumba. Kwa Waarusha, kondoo huyo huchinjwa mama akishajifungua, anywe mafuta yake arudishe nguvu. Kumuuza mapema ni sawa na kutangaza kwamba mama hatarudi. Loserian alikwenda nyumbani, akamtazama kondoo, akarudi kituoni mikono mitupu.

Jioni uchungu ulikatika. Agnela alisikiliza tumbo, akasema mtoto ni mzima, ameamua kusubiri. Waje watakapopata vifaa.

Baada ya mavuno walikuja na glavu. Wakati huo lilihitajika pia beseni, na mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo. Walipopata beseni, ilikuwa imeongezwa ada ya kitanda. Kondoo alizeeka, akafa kwa homa, mafuta yake hayakunywewa na mtu.

Mtoto waliamua kumwita Sadoki. Aliota meno humo humo tumboni. Alijifunza Kimaasai kwa bibi yake na Kiswahili kwa redio, na Jumapili aliimba sauti ya kwanza kanisani, ingawa khanga ilimfifisha kidogo. Bibi alisema huyo ni baba yake mtupu, haondoki mahali mpaka abembelezwe. Naipanoi alicheka, kisha akaomba kuinuliwa kitini. Mgongo ulikuwa umepinda, na kwenda kisimani hakuweza tena.

Wanawake wengine waliokalishwa kwenye benchi lile hawakupata watoto wenye subira. Ndeshi, muuza ndizi wa Kimandolu, alizikwa Jumamosi na mtoto wake kifuani.

Mwaka wa saba lilibandikwa tangazo mlangoni mwa kituo: wajawazito hawatozwi, wala watoto walio chini ya miaka mitano. Loserian alikodi mkokoteni wa punda, wakateremka mapema. Agnela, ambaye sasa alivaa miwani, alifungua kabati akatoa glavu mpya. Naipanoi alizitazama muda mrefu.

"Shikamoo," ilisema sauti kutoka tumboni.

"Marahaba," alijibu Agnela. Akachukua kadi ya kliniki, akaisoma, kisha akaziweka glavu mezani.

"Wewe ni bure, mama. Huyu kwa kadi hii ana miaka saba. Lazima alipiwe."

"Hajazaliwa, sista."

"Mbona amenisalimia?"

Loserian aliomba kuonana na mganga mkuu. Mganga alitoka, akasoma tangazo, akasoma kadi, akasema muuguzi amefuata utaratibu. Ada aliyotaja ilizidi ile waliyoshindwa mwanzoni. Mkokoteni ulikuwa bado unasubiri nje.

Januari, mwalimu Ebenezer wa shule ya msingi alimwandikisha Sadoki darasa la kwanza, kwa kuwa umri ulikuwa umefika. Naipanoi hukaa dawati la nyuma, maana la mbele tumbo haliingii. Kila asubuhi mwalimu huita majina. Akifika kwa Sadoki Loserian, sauti hujibu kutoka chini ya khanga:

"Nipo."

Mwalimu huweka alama, huita jina linalofuata.