Nani Aliyemfundisha Shamim

Aluoch ndiye aliyemwambia Rahima kwanza, Aluoch mpangaji wa chumba cha pili, anayesomea uuguzi wa wagonjwa wa akili, aliyeketi mlangoni na daftari lake akisema woga hufundishwa, Mama Shamim, kama a-e-i-o-u, mbwa akipigiwa kengele kila anapopewa nyama, siku moja kengele italia bila nyama na mate yatamtoka vilevile... mbwa wenu wa Kisumu hao, akajibu Rahima akimenya ndizi za matoke, Aluoch akacheka, lakini jirani akavuta komeo lake, kraa, chuma juu ya chuma, na Shamim pale mkekani ubavuni mwake akanyamaza, akaufunika kwa kiganja mdomo wa mwanasesere wake wa nyuzi za mgomba, akatulia kama mtu anayesikiliza hatua... miaka miwili tu, kazaliwa vita vimekwisha, hajasikia hata risasi moja, basi nani kamfundisha, maana hivyo hasa ndivyo alivyolala Rahima chini ya kitanda kule Mengo, mwaka wa themanini na tano, kiganja mdomoni, komeo likivutwa na kaka yake Hamdun akisema natoka, afande, natoka, msivunje mlango, na viatu vyake vikabaki palepale... hajamsimulia mtoto, hajamsimulia mtu yeyote, labda ndoto hupita kwenye maziwa, labda ni Hamdun mwenyewe anayekuja kumnong'oneza... "na anayefundisha," Aluoch anasoma, "mara nyingi hajui kama anafundisha," hebu rudia, dada, "hajui kama anafundisha," na komeo likalia tena, kraa, Rahima akahisi joto, pumzi ndogo yenye unyevu, akatazama chini, kisu kiko mkono wa kulia, na wa kushoto, nani aliupeleka, uko juu ya mdomo wa Shamim, umebana, na mtoto hashangai, mtoto amezoea... kumbe ndio ule weusi wa utomvu wa matoke kuzunguka midomo yake, anaousugua kila jioni akidhani mtoto hulamba maganda, kila jioni, Mola wangu, kila jioni... "na huo woga, hufutika?" "Polepole, wee, mpigie kengele akiwa na kitu kitamu mdomoni, na wewe usiogope," akafunua ukurasa, na matoke yalikuwa bado nusu beseni.

Kesho yake asubuhi Rahima alimpa Shamim ndizi mbivu, akasimama mlangoni, akavuta komeo lao taratibu, mara moja, mara ya pili, kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto alikuwa ameufunga kiunoni kwa leso, mafundo mawili.