Ruhusa ya Mikono Saba

Prefe Modeste, mkuu wa shule, aliamini muhuri kama wengine wanavyoamini rozari. Kwa miaka kumi na miwili ofisi yake ya shule haikutoa karatasi isiyo na muhuri, na wazazi walikwisha kujua kuwa kumwomba apindishe kanuni ni sawa na kumkamua fahali.

Ijumaa ile mchana alikuja Mama Nyiramahirwe, muuza maharage wa mtaa wa Ndosho, mzaliwa wa Rutshuru. Tangu Septemba alikuwa akimlea Ange, msichana wa miaka kumi na sita kutoka Bukavu, ng'ambo ya ziwa, kwa mpango wa shule mbili kubadilishana wanafunzi. Binti yake mwenyewe, Niyigena, alikuwa Bukavu, analala kitanda cha Ange na kula sahani ya Ange. Sasa mama yake Ange alikuwa apasuliwe tumbo kesho yake saa sita, naye kwenye simu alisema neno moja tu: asipewe usingizi wa daktari kabla hajamwona mtoto wake. Boti ilikuwa ya saa moja asubuhi.

Kanuni haikuwa na utata. Mwanafunzi akitaka kusafiri bila mwalimu, mzazi anayemlea hutia sahihi kwamba mtoto atakwenda peke yake, kisha prefe hugonga muhuri. Bila muhuri wa shule, watu wa boti hawapakii mtoto.

"Siwezi sinya hii," alisema Mama Nyiramahirwe, akaisukuma fomu. "Inasema mutoto anaenda yeye peke yake. Mutoto wa benyewe, wa watu bengine, Prefe? Mama yake nitamujibu nini?"

"Ni formule tu, mama. Bazazi bote banasinya."

"Basi banasinya uongo."

Akatoa karatasi iliyochanwa daftarini. Ilikuwa na majina sita, na pembeni ya kila jina nafasi tupu. Kwao, alieleza, mtoto wa watu hakabidhiwi barabara, hukabidhiwa mtu. Anayempokea hutia alama, kisha humweka mkononi mwa anayefuata, mpaka afike. Modeste hakusoma hata jina la pili. Alisema hapana sahihi, hapana muhuri, kwa sauti ile ya kuwafokea wachelewaji. Mama akakunja karatasi yake pamoja na fomu, akashukuru, akatoka. Shukrani hiyo ndiyo iliyomkaa prefe kooni.

Jumamosi kulipopambazuka alikuwa bandarini, muhuri mfukoni. Alijiambia amekuja kumzuia mtoto kabla jambo halijaharibika, maana likiharibika jina litakaloulizwa ni lake. Tuseme kweli: aliogopa.

Pikipiki ya Gentil, motari wa Ndosho, ikasimama. Ange akashuka na begi lake, lakini Gentil hakumwachia aende zake. Alimshika kiganja mpaka kwenye mabeseni ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ya Mama Domitille, akatia alama kwenye karatasi kwa kalamu ya bik.

"Ninakupa mutoto," akasema.

Domitille alijifuta mikono kwenye kitenge, akakipokea kiganja kilekile. "Nimemupokea."

Hapo tu ndipo Gentil alipowasha pikipiki. Modeste akasogea, akanyoosha mkono amshike Ange bega. Domitille akasimama katikati.

"Jina yako, papa?"

"Niko prefe wake."

"Nimeuliza jina."

"Modeste."

Kidole chenye magamba ya samaki kikashuka taratibu juu ya karatasi. "Haiko hapa. Baki pale."

Hakuna aliyewahi kumwambia Modeste abaki pale, na ajabu ni kwamba alibaki. Ndani ya boti alimwona Umutesi, muuza vitenge, ameweka kikapu juu ya kiti cha jirani kulinda nafasi ya mtoto ambaye hajawahi kumwona. Watu hawa alikuwa akiwapita kila siku akidhani ni umati wa bandarini tu. Kumbe ziwa lote hili, pana hivi, lilikuwa na mikono toka ukingo mmoja hadi mwingine, na yeye na muhuri wake hakujua.

Karani wa boti akaichukua karatasi, akaigeuza. "Muhuri wa masomo iko wapi? Bila muhuri, mutoto anabaki."

Injini ilikwisha kuwashwa. Ange hakulia. Alimgeukia Modeste, akasema, "Prefe, mama ananingoja."

Modeste akatoa muhuri. Wino ulikuwa umekauka, akaupulizia pumzi, akaugonga chini ya majina yale sita. Domitille hakumshukuru. Alichukua bik, akabananisha jina la Modeste kati ya lake na la Umutesi, kisha akamwekea kiganja cha Ange mkononi.

"Haya, mupeleke."

Zilikuwa hatua kama kumi na mbili. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho, na Modeste akatambua kuwa katika ruhusa zote alizowahi kutoa hakuwahi kumshika mwanafunzi mkono. "Ninakupa mutoto," alimwambia Umutesi.

"Nimemupokea, papa."

Saa tano ilimkuta Ndosho, amekaa juu ya gunia la maharage, karibu na Mama Nyiramahirwe. Hakuna aliyemwuliza amefuata nini. Simu ya mama ikalia: picha ya karatasi. Kila jina lilikuwa na alama, hata la Birindwa, mbeba mizigo wa bandari ya Bukavu, aliyetia msalaba. Mwisho kabisa yalikuwa maandishi ya Niyigena: "Nimemupokea. Tuko wote wawili kwa kitanda ya mama yetu. Ametushika mikono, sasa banamuingiza kwa chumba ya kupasua."

Mama Nyiramahirwe alirudia maneno "mama yetu" polepole, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Modeste akasema fomu ile ya jana aitupe.

"Nimewashia moto nayo," alijibu mama. "Lakini karatasi ile itarudi na Ange, mukono kwa mukono, na jina yako iko ndani. Siku anarudi, Prefe, kwa boti ni wewe unamupokea. Usichelewe."