Mbu wa Memsabu

Esha alikuwa akianika nepi za mtoto wa wageni pale Memsabu, mwenye nyumba, alipotoka barazani na kumwamuru kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

"Toto yako kwenda Bongwe. Kwa mama yako. Wiki tatu."

"Ananyonya, Memsabu. Ana miezi kumi tu."

"Lazima. Kesho."

Memsabu akageuka akaenda zake. Mgongoni mwa Esha, Chande alikuwa akitafuna ncha ya leso na kucheka peke yake.

Boga mpishi ndiye aliyemfumbulia jambo hilo jikoni, kwani alikijua Kiingereza na masikio yake hayakuwa na pazia. Wale wageni, mume na mke waliotoka Nairobi kuja kuogelea Diani, walikuwa na kitabu cha kumfundisha msafiri kujikinga na maradhi ya nchi za joto. Chemsha maji. Meza vidonge. Lala ndani ya chandarua. Na usilale karibu na nyumba za wenyeji, maana watoto wao wana homa katika damu, na mbu huichukua kwao akawapelekea wageni.

"Yaani mwanangu ni samaki aliyevunda, atupwe mbali asinuke?"

"Usinikaripie mimi, dada. Sikukiandika mimi."

Esha alihesabu siku kwa vidole. Wiki tatu! Ziwa lingekauka, na mtoto angekuwa ameachishwa kunyonya kwa amri ya watu wasiolijua hata jina lake.

Alimkumbuka Bwana Afya. Mwaka uliopita alipita Bongwe nyumba kwa nyumba, akapindua mitungi, akamfokea mama yake mzee mbele ya majirani kwa sababu ya kifuu kimoja cha nazi kilichoshika maji ya mvua. Akawaonyesha viluwiluwi: vile vinavyolala sambamba na uso wa maji, alisema, ndivyo vya malaria. Tangu siku hiyo hakuna kifuu Bongwe kinachotazama juu. Lakini lango la Memsabu Bwana Afya hakulipita. Na chini ya dirisha la chumba cha wageni palikuwa na bwawa la saruji, limejaa mayungiyungi, fahari ya Memsabu.

Esha alitwaa bilauri akaenda kuchota.

Saa kumi, wageni walipoketi barazani kunywa chai, alitokea na sinia. Juu yake palikuwa na bilauri moja, imefunikwa kitambaa cha shanga kama maji yao ya kunywa.

"Esha, utatufukuzisha!" Boga alimnong'oneza mlangoni.

"Nusu yangu imeshafukuzwa. Iko hapa mgongoni."

Esha alilitua sinia mezani, shanga zikalia. Hajapata kuwaambia wageni neno zaidi ya "ndiyo". Mke wa mgeni alifunua kitambaa, akapiga ukelele. Ndani, viluwiluwi vilikuwa vimelala juu ya maji kama vijiti.

"Boga, waambie," Esha alisema. "Mbu hazaliwi na mwanangu. Anazaliwa pale, chini ya dirisha lao. Na kama damu ya mwanangu ina homa, huyu ndiye aliyeitia."

Boga akatafsiri yote, hakupunguza neno. Mume aliinuka, akaenda bwawani, akainama kwa muda mrefu. Aliporudi alimwuliza Memsabu swali moja fupi. Memsabu akaiva uso.

"Boga! Leta mafuta ya taa! Mwaga yote!"

Mafuta yakatanda juu ya maji, yakang'aa baina ya mayungiyungi. Ndipo Memsabu aliposema, bila kumtazama Esha, "Toto kukaa. Lakini iko jikoni. Hapana kuja hapa."

Ameshinda, basi. Mbona hasira haikushuka? Hakuna aliyesema samahani. Kitabu kilikuwa palepale mezani, na neno lile lingali ndani yake, tayari kwa msafiri mwingine na mtoto mwingine.

Chande akaanza kulia kwa njaa.

Esha alimshusha mgongoni. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, mbele yao wote, akajitanda leso vizuri, akamnyonyesha mwanawe.

"Jikoni, Esha!"

"Akishiba, Memsabu."

Naye Chande hakuwa na haraka.