Bado Tumeshika

Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025, Kisumu iliamka chini ya mawingu mazito. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kukatika alfajiri, na upepo wa ziwani ulileta harufu ya magugu maji hadi Nyalenda. Maximilla alifungua ofisi ya malalamiko ya mtaa, akapiga deki, akachemsha chai, kisha akatoka kuwamiminia waliokuwa wameketi kwenye benchi la nje. Walio hai walikunywa. Waliokufa walishika vikombe kwa ajili ya joto tu, wakavirudisha vikiwa vimejaa, naye akawaongezea walio hai, kwa sababu sukari haimwagwi.

Waliokufa huja kila Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu ndiyo siku ya kuulizia kesi. Dorca, aliyekuwa akikaanga samaki kando ya barabara, hukaa karibu na mlango. Nyumba yake ilibomolewa alfajiri moja bila notisi, pamoja na nyumba zote za safu ile, na kifua kikamuua akiwa amelala chini ya karatasi ya nailoni. Kabla ya kufa alikuja ofisini akasimulia yote mbele ya kinasa sauti. Sauti yake ilikuwa ndani ya kompyuta pamoja na za majirani zake, zikingoja kamati ya kuchunguza ubomoaji ule. Kamati ilikuwa imesema itakuja kuzisikiliza siku hiyo, saa nane mchana.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kuendeshwa kwa Linux, na tangu fundi ahamie Nairobi mtunzaji wake alikuwa Maximilla. Jioni alisoma kompyuta katika ukumbi wa kanisa kule Kondele, kwa Mwalimu Uzair, miongoni mwa vijana wa rika la wajukuu zake. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuelewa. Kila mara kabla ya kubonyeza kitufe alifumba macho na kusema, "Bwana, ongoza kidole changu," na wanafunzi wenzake walishazoea kumngoja.

Tangu Ijumaa, sehemu ya diski iliyobeba mfumo ilikuwa imejaa. Mashine ilikataa kuhifadhi chochote, ikakataa kucheza sauti yoyote upya, na kwenye kioo yakabaki maneno ambayo watu wa Nyalenda waliyajua vizuri kutoka hospitalini, shuleni na hata makaburini: Hakuna nafasi iliyobaki. Ofisi nayo ikafuata mashine. Droo hazikufunga. Birika lilifurika likiwa nusu. Ukisema "habari za asubuhi" mlangoni, "habari za" iliingia na "asubuhi" ikabaki nje.

"Habari za," alisema Bwana Obiero, mkuu wa ofisi, alipofika.

"Nzuri, Bwana."

"Mama Maximilla, zile sauti ndizo zimejaza mashine. Zifute."

"Kamati inakuja leo saa nane."

"Kamati itasikiliza nini kama mashine haifanyi kazi? Futa kwanza, tutajua mbele ya safari."

"Mimi siwezi kufuta mtu."

"Kwani ni mtu? Hiyo ni faili."

Maximilla hakusogea. Bwana Obiero alitazama viti vya ofisi, ambavyo vilitolewa na kampuni iliyobomoa zile nyumba, akavuta kimoja, akaketi mbele ya mashine na kuzifuta sauti mwenyewe. Folda ikabaki tupu. Lakini alipoiuliza mashine kuhusu nafasi, ilijibu kama mwanzo: asilimia mia. Akafuta folda yenyewe. Asilimia mia.

"Hii kitu imefuta ama haijafuta?" aliuliza, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuuliza, alimpigia simu Mwalimu Uzair, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Umefuta jina tu," alisema Uzair. "Faili zenyewe bado kuna anayezishika. Mpaka aachilie, nafasi hairudi. Zima mashine, iwashe tena, ataachilia."

Uzair alimaanisha programu ya kuchezea sauti, ambayo Maximilla aliiacha wazi siku ya Ijumaa, kwa sababu alipenda kuwasikiliza akipiga deki. Lakini Maximilla aliisikia sentensi ile jinsi ilivyosemwa. Anayeshika ana mikono. Akatoka nje kumtafuta.

"Dorca, ni nyinyi mmeshika?"

"Ni sisi," alisema Dorca. Ngumi zake zilikuwa zimekazwa mapajani. "Ulidhani ni malaika?"

"Mimi nimeshika mpaka mkono umekufa ganzi," alisema Mzee Owiti, aliyekuwa kando yake. "Na ulikuwa umekufa tayari."

Benchi zima likacheka, walio hai na wafu.

"Mtaachilia?"

"Nyumba tuliachilia kwa sababu walikuja na tingatinga," alisema Dorca. "Huyu wako amekuja na kidole."

"Na akizima mashine?"

Dorca alizitazama ngumi zake. "Akizima, mikono itafunguka yenyewe, nyathina, mwanangu. Stima hatuiwezi."

Maximilla alirudi ndani akamkuta Bwana Obiero amenyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani. Hakuwa na nguvu za kumzuia wala cheo cha kumkataza. Alifanya alilolijua.

"Tuombe," alisema kwa sauti.

Bwana Obiero alikuwa mzee wa kanisa. Alivua kofia, akafumba macho, mkono wake ukabaki hewani, mbali na swichi kwa kiasi cha kiganja. Katika mtaa ule hakuna anayezima kitu wala kuondoka mtu akiwa anaomba.

Maximilla aliomba macho yakiwa wazi, vidole vikiwa kwenye kibodi. Aliombea ziwa na wavuvi. Aliombea wagonjwa, akiwataja mmoja mmoja, na kila alipovuta pumzi Uzair, aliyekuwa bado kwenye simu pale mezani akisikia yote, alimsomea amri za kupata nafasi, herufi kwa herufi. Mara mbili alikosea na mara mbili akaanza upya, akiongeza wagonjwa wengine.

"Baba, tuondolee yaliyopitwa na wakati," aliomba, na masasisho ya zamani yakaondoka. Asilimia tisini na nne.

"Tuondolee viini vya mfumo visivyotumika tena." Themanini na saba.

"Na majungu yote ambayo mashine imejiandikia yenyewe," na kumbukumbu za matukio ya mashine zikafutika. Sabini na tisa.

"Amin," alisema Uzair, kwa adabu. "Mama, sasa nafasi iko. Zilizoshikwa zinaweza kunakiliwa kabla hazijaachiliwa. Andika..."

"Waingie," alisema Maximilla.

Waliingia kwa mstari, Dorca mbele. Kila mmoja alifungua mkono juu ya kibodi, na sauti yake ikaanguka ndani kama dagaa wa omena wanavyomwagwa kwenye gunia. Mzee Owiti alijinyoosha vidole na kusema afadhali. Droo zikafunga zenyewe. "Asubuhi" zilizobaki nje tangu Ijumaa ziliingia zote kwa pamoja, zikasikika kidogo, zikatulia.

"Amina," alisema Maximilla.

"Amina," alisema Bwana Obiero, akafumbua macho. Alizitazama sauti zikiwa zimerudi mahali pake, akavaa kofia.

Kamati ilifika saa nane na dakika chache. Walikuwa watatu, na hawakuketi. Mwenyekiti wao alisema ratiba ya mwaka imejaa na kwa sasa hakuna nafasi. Labda mwaka ujao. Walitia sahihi kitabu cha wageni, wakaondoka. Kutoka pale walipokuwa wameegesha gari, ungeweza kuona ghala jipya likipanda mahali palipokuwa na nyumba ya Dorca. Mafundi hawakuacha kupiga misumari.

"Umeona?" alisema Bwana Obiero akiwa amesimama mlangoni. "Umeomba bure. Jioni nitazifuta tena. Na wewe mama, umezeeka. Utachoka, utakufa, na hiyo nafasi yako nitampa mtu anayesikia."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka tena. Kwenye benchi hakuna aliyeinuka. Dorca alisogea kidogo kumwelekea Mzee Owiti, kukawa na pengo la mtu mmoja karibu na mlango, akalipangusa kwa kiganja.

Maximilla alilitazama pengo lile. Kisha aliinua mkono wa kulia, kama alivyofanya siku ya kubatizwa, akasema kwa sauti ya kufika hadi kwa mafundi:

"Walio hai mnisikie, na waliokufa mnisikie, na Nyasaye, Mungu wetu, ndiye shahidi wangu. Ukifuta leo, nitarudisha kesho. Ukizima, nitawasha. Na siku nikifa, Bwana Obiero, nitakuja kila Jumatatu, nitaketi hapo kando ya Dorca, na nitashika."