Bwana Afya Mezani

Kabla hatujatoka nyumbani kwa binti yangu, mke wangu alinisachi kama mlinzi wa benki. Alitoa kipimajoto kwenye mfuko wa shati, akatoa tochi ndogo kwenye suruali, akachukua na miwani yangu ya kusomea, eti nikiona kidogo nitasema kidogo. Alisahau kwamba miwani ile ni ya vitu vya karibu tu. Vya mbali naviona vizuri kuliko yeye.

"Leo wewe si bwana afya," akaniambia. "Leo wewe ni baba wa mtu."

Nimekuwa bwana afya miaka thelathini na moja. Kazi yangu ni kuingia jikoni kwa watu bila kualikwa na kunusa. Nimefunga mahoteli, nimefunga mabucha, na kwa bahati mbaya nimefunga harusi moja. Ilikuwa ya binti yangu huyuhuyu. Nilipita nyuma ya ukumbi kuwasalimia wapishi, ndivyo nilivyojidanganya, nikakuta kuku waliopikwa alfajiri wamefunikwa turubai juani na mpishi mkuu ananawa mikono kwenye aproni yake. Wageni mia tatu walikuwa wameshakaa. Nikalifunga jiko. Wageni wakala mkate na soda, na mama yake bwana harusi akala keki vipande vinne huku amenikazia macho. Hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo siku ile, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru kwa hilo.

Binti yangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alihamia nje ya nchi na mumewe, na kwa miaka mitatu kila nilipopokea simu yake nilisikia maneno mawili tu: "Mama yupo?"

Kwa hiyo tiketi za ndege zilipokuja, mbili, na moja ina jina langu, nilijua kuna jambo. Alitupokea vizuri, akatupa chai, halafu akaniambia mbele ya mumewe, "Baba, Jumamosi mchana tunakwenda kula mahali. Nafasi yenyewe nimeisubiri miezi mitano. Zitaletwa sahani kumi na moja. Utakula kila kitakacholetwa, na hutauliza swali hata moja kuhusu chakula. Ukiweza hilo, yale ya harusi yamekwisha. Ukishindwa, tuendelee hivihivi."

Niliahidi. Siku ile ningeahidi hata kuila meza yenyewe.

Mahali penyewe palikuwa chumba cha meza nane, kuta za kijivu, bila picha, bila redio, bila harufu ya chakula. Hilo la harufu peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Jiko lilikuwa nyuma ya kioo, watu wote waone. Mke wangu alinikalisha nikiwa nimeligeuzia jiko mgongo. Alikaa upande wangu, na binti yetu na mumewe wakakaa ng'ambo ya meza, ambayo ilikuwa pana kama ya mkutano wa bodi.

Mhudumu alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya mtu anayetangaza msiba. Alikuwa akieleza kila sahani kwa lugha ya kwao, kwa kirefu, na binti yangu akitutafsiria kwa kifupi. Sahani ya kwanza ilikuwa bakuli la mawe ya moto, na juu ya mawe jani moja.

"Jani linaliwa," akasema binti yangu. "Mawe hayaliwi."

Nilishukuru kwa ufafanuzi. Nikala jani langu. Lilikuwa na ladha ya jani.

Ya pili ilikuwa samaki mbichi. Sisemi hakuiva vizuri, nasema mbichi, amekatwa vipande vyembamba ambavyo ungeweza kusomea gazeti kupitia ndani yake, kama ungekuwa na miwani. Niliuliza amekaa kwenye barafu siku ngapi. Hapana, sikuuliza. Nilifungua mdomo, mke wangu akanikanyaga, nikaufunga.

Hapa lazima nikiri jambo. Mke wangu hakupekua mfuko wa ndani wa koti, na mfuko huo una mifuko midogo ya plastiki ya kuchukulia sampuli. Sikuibeba kwa nia mbaya. Naibeba kama wengine wanavyobeba leso. Walipogeuka wote kumtazama mhudumu akimimina kitu, samaki akaingia kwenye mfuko wa kwanza. Nikautoa hewa, nikaukunja mara mbili, nikaufunga. Iliniuma tu kwamba sikuwa na kalamu ya kuandika saa.

Ya tatu ilikuwa nyama iliyotundikwa siku sitini, nao wakatuambia hivyo kwa majivuno. Mimi nimemfikisha mtu mahakamani kwa nyama ya siku nne. Ilikuja imechomwa nje kidogo, ndani inatoa damu, imekaa peke yake katikati ya sahani kubwa kama mtuhumiwa. Mfuko wa pili. Ya nne ilikuwa kabichi iliyoachwa ichachuke kwenye mtungi tangu mwaka uliopita. Mfuko wa tatu.

Mke wangu alikuwa akipiga picha kila kitu, akionja, akifumba macho na kusema "Mmh." Mwanamke huyohuyo nyumbani hurudisha chai ikipungua sukari. Lakini ilipofika ya tano, barafu ya mnanaa ya ukubwa wa kifungo cha koti, alimwinamia mkwe wetu kwa upole.

"Baba, hivi chakula chenyewe kinaletwa saa ngapi?"

"Hiki ndicho chakula, mama. Ni cha kuonja."

"Tumeshaonja, mwanangu. Sasa tule."

Mkwe wetu ni mtu mwenye adabu. Alimega mkate wake akampa nusu.

Mimi sikuwa na la kufanya. Kuuliza nimekatazwa, jiko limenikaa mgongoni, na chakula kimo mfukoni. Nikabaki kutazama sahani za ng'ambo, kwa mazoea. Ndipo nikaona kwamba samaki wa binti yangu hakuwa kama wetu. Wake alikuwa mweupe, ameiva. Nikakumbuka na nyama yake pia ilikuwa kahawia mpaka katikati. Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, damu nzito, mtoto amerithi kitu kwa baba yake hata kama hataki kukiri. Ya sita ilikuwa uyoga na ya saba na ya nane mboga za mizizi, nikazila zote kwa moyo mweupe kwa kuwa zilikuwa zimeiva.

Baada ya hizo ikaja jibini laini ya maziwa yasiyochemshwa. Tukawekewa sisi watatu. Binti yangu akawekewa vipande vya tufaha. Mhudumu akapita na chupa ya divai kwa mara ya tatu, binti yangu akafunika glasi yake kwa kiganja, akanywa maji.

Nikahesabu kwa vidole. Samaki mbichi, nyama isiyoiva, jibini ya maziwa yasiyochemshwa, pombe. Orodha hiyo naijua. Niliiandika mimi, kwa ajili ya kliniki ya mama wajawazito, miaka ishirini na mitano iliyopita. Niliichora kwenye bango mezani kwetu nyumbani, na aliyelipaka rangi lile bango kwa penseli alikuwa mtoto wa miaka saba aliyekataa kulala mchana. Samaki alimpaka zambarau.

Nilimtazama binti yangu akitafuna tufaha. Nilitaka kusimama. Nilitaka kuuliza miezi mingapi, damu imepimwa lini, miguu inavimba au haivimbi. Niliahidi kutouliza kuhusu chakula, lakini najijua. Ningeanza na miguu na ningeishia kwenye friji yao. Nikala jibini yangu yote, bila mfuko, ili mdomo uwe na kazi.

Kisha ikaja sahani ya kumi, yai.

Yalikuja manne kwa mpigo, yamefunikwa povu jeupe la maziwa, huwezi kujua chini kuna nini. Mhudumu akaweka mawili upande wetu, mawili upande wao, akatangaza msiba wake, akaondoka. Nilichovya kijiko changu. Kikagonga kitu kigumu. Yai langu lilikuwa limechemshwa likaiva mpaka kiini, kiini kikavu, cha njano iliyopauka. Nikachungulia la mke wangu. Lilikuwa linatiririka kama uji wa mgonjwa. La mkwe wangu pia linatiririka.

Binti yangu alikuwa amemgeukia mumewe, anamweleza jambo la kazini, na kijiko kimeshazama kwenye povu.

Mkono wangu ulivuka meza kabla sijashauriana nao. Nikavuta sahani yake, nikasukuma yangu mahali pake. Glasi moja ikaanguka. Watu wa meza za jirani wakageuka.

"Haya, ndiye huyo," akasema mke wangu. "Kabakiza sahani moja tu."

Binti yangu alinitazama, na uso wake ukawa uleule wa siku ya harusi. Niliogopa. Sijawahi kumwogopa mwenye hoteli hata mmoja, hata yule aliyenifukuza na mwiko, lakini uso ule niliuogopa. Nilichukua kijiko nikala yai lake, lile bichi, lote, pamoja na povu, nikafuta sahani kwa mkate. Lilikuwa tamu sana. Hilo nalo liliniudhi.

Akainamia sahani niliyomsukumia. Akapasua yai kwa kijiko. Kiini hakikutiririka. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu jibini."

"Na hukuuliza."

"Niliahidi."

Akaweka kijiko chini. "Nakala ya lile bango ilikaa ukutani jikoni kwetu mpaka nikamaliza shule, baba. Ningelisahau vipi?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nilitaka nikwambie mwisho, sahani zikiisha. Kama ungefika."

"Mimi alishaniambia zamani," akasema mke wangu, akijifuta mdomo. "Mimba ina mwezi wa tatu sasa."

Mkwe wangu, bila shaka, naye alikuwa na fununu. Meza nzima ilijua isipokuwa mkaguzi.

"Kwa nini mimi niwe wa mwisho?" nikasema.

"Niliogopa utakuja na orodha."

"Orodha unayo."

Akacheka kidogo na machozi yake. Kisha akaninyooshea kiganja juu ya meza. "Haya. Nipe mifuko."

"Mifuko gani?"

"Baba."

Nikaitoa. Samaki, nyama, kabichi, yote mitatu imekunjwa vizuri, nikaipanga kwenye kitambaa cheupe. Mke wangu alijifunika uso. Binti yangu akaitazama, akaanza kucheka kwa nguvu mpaka akashika meza, na mumewe akacheka, na mimi nikacheka kwa sababu miaka mitatu sikuwa nimeisikia sauti hiyo na nilikuwa nimeikosa kuliko nilivyojiruhusu kujua.

Mhudumu akaja upesi. Akaiona mifuko. Akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza kama kuna tatizo lolote na chakula," akatafsiri binti yangu, akanisubiri.

Katika miaka thelathini na moja hakuna mwenye hoteli aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa hiari yake. Kulikuwa na sahani mbili zilizobadilishana, kosa ambalo kwetu ningeliandikia kurasa nne. Nilimtazama binti yangu.

"Mwambie hakuna," nikasema. "Mwambie alete ya kumi na moja."

Ya kumi na moja ilikuwa kipande cha chokoleti ya ukubwa wa kucha, juu ya tofali. Tofali haliliwi. Tulipotoka, mke wangu alinunua mahindi ya kuchoma mlangoni mwa kituo cha treni, akala mawili, na mimi sikutazama alikoyatoa muuzaji.

Wiki mbili baada ya kurudi nyumbani simu ililia saa nne asubuhi. Nikapokea, nikaiona namba, nikasema kama kawaida, "Ngoja nimwite mama yako."

"Nimekupigia wewe," akasema binti yangu. "Baba, hivi maziwa nikiyachemsha, yakae motoni dakika ngapi?"

Maziwa ya huko yanauzwa yakiwa tayari yamechemshwa, na yeye jibu la swali hilo analijua tangu ana miaka saba. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamweleza tangu mwanzo.